Naomba ushauri: klani imebaki mahame, ila hakuna anayetaka kutoka

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kiongozi msaidizi wa klani (kundi la wachezaji) ya Clash of Clans, ule mchezo wa vita wa kwenye simu, tuliyoianzisha kabla vita vya klani havijaletwa mwaka 2014. Nafasi ni 50 na nyingi zina wenyewe, lakini wapiganaji hakuna. Vita vidogo kabisa ni watano kwa watano, na hata hao kuwapata ni kubembelezana.

Klani nyingine iliyo hai imetuomba tuhamie kwao. Nilipoileta hoja, watu waliokuwa kimya muda mrefu wakajitokeza kupinga. Hawashambulii, ila wanaingia, wanachangia askari, wanaulizana hali za watoto, basi. Mmoja yuko Muscat kikazi, anasema hapo ndipo anapopiga soga za Kiswahili akitoka zamu usiku. Huyo ndiye anayeniumiza kichwa kweli, maana vijana wapya nao wana haki ya kupigana, na ngazi ya klani tuliyoipanda pamoja haihamishiki.

Je, nihame na vijana nikiacha akaunti ya pili huku? Au wao waende kupigana kule, wakirudi vita vikiisha? Aliyewahi kuongoza klani kongwe anisaidie, tafadhali.