Maelezo na Haskell katika faili moja bila LaTeX: nimekwama kwenye vichwa vya sura

Wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, salamu. Ninaandika TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa masomo chuoni) kuhusu hesabu ya matokeo ya mitihani kwa lugha ya programu ya Haskell, na ningependa maelezo na msimbo vikae katika faili moja la .lhs (faili la Haskell linalochanganya maelezo na msimbo), ili nisinakili msimbo upya katika ripoti kila ninapobadilisha mstari. LaTeX, mfumo wa kupanga hati kwa amri, naifahamu kidogo, lakini amri zake zinanizuia kusoma sentensi zangu mwenyewe kwenye skrini, ndiyo maana nimehamia Markdown, inayopanga maandishi kwa alama chache tu. Mwanzoni kila kitu kilikubali. Nilipoongeza kichwa cha sura kwa alama ya reli (#), GHC, yaani kompaila inayougeuza msimbo wa Haskell kuwa programu, ilikataa faili lote, ikilalamikia mstari usio na msimbo wowote. Nimekosea wapi? Na ni kihariri gani kinachopaka msimbo rangi bila kuvuruga maandishi?

Fundi wa Ibanda (Bukavu)

Markdown yako ni sahihi, ndugu. Umegongana na unlit, programu ndogo ambayo GHC huitanguliza ili iondoe maelezo na kubakiza msimbo. Unlit huupitisha kila mstari unaoanza na #, kwa kuwa huenda ni agizo la kichakataji cha awali cha C, na hivyo kichwa chako hufika mbele ya kompaila kana kwamba ni Haskell. Kipigie mstari chini:

```
Wastani wa darasa
-----------------

Jumla ya alama hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi.

> wastani :: [Double] -> Double
> wastani xs = sum xs / fromIntegral (length xs)

Orodha ikiwa tupu, jibu ni NaN (si namba).
```

Mistari mitupu juu na chini ya msimbo si pambo: ukiisahau, unlit hugoma. Alama ya > nayo lazima ikae kwenye safu ya kwanza, kwa hiyo msimbo uliosogezwa ndani ya orodha hautafika kwa kompaila. Ukitaka kumwonyesha msomaji msimbo mbovu, anza mstari kwa <, kwani GHC huuchukua kama maelezo tu. Ripoti utaipata kwa Pandoc, programu ya kugeuza hati kuwa muundo mwingine: `pandoc -f markdown+lhs Tfc.lhs -o tfc.html`; ukiomba PDF, Pandoc kwa kawaida huiita LaTeX yenyewe, nawe huandiki hata amri moja.

Mwenye Himbi (Goma)

Kwa heshima, mkubwa, sikubaliani. Kuweka > mbele ya kila mstari kunachosha, na tovuti isiyoijua Haskell itauonyesha msimbo wote kama nukuu. Mimi hutumia markdown-unlit, programu inayochukua nafasi ya unlit: msimbo hukaa kati ya alama za ``` zenye neno haskell, nami hukompaili kwa `ghc -pgmL markdown-unlit Tfc.lhs`. Vichwa vya reli hapo havina tatizo, na kipande chenye neno ignore huachwa.

Fundi wa Ibanda (Bukavu)

Njia hiyo ni nzuri, ila inataka programu ya ziada kwenye kila kompyuta itakayokompaili faili, ikiwemo ya mwalimu atakayesahihisha. Isitoshe, kwenye kibodi zetu za AZERTY (za mpangilio wa Kifaransa) alama ya ` huandikwa kwa AltGr na 7, mara tatu kufungua na mara tatu kufunga! Kuhusu >, hakuna haja ya kuiandika mstari kwa mstari. Katika kihariri cha Vim chagua safu kwa Ctrl-V, bonyeza I, andika > na nafasi, kisha Esc. Katika Emacs tumia C-x r t. Vihariri vyote viwili huitambua .lhs, mradi Emacs iwe na kiongezo cha haskell-mode. Vim ikiyapaka maelezo yako rangi za LaTeX, weka `let g:lhs_markup = "none"`.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mwanangu, niongeze jambo moja. Donald Knuth alipoeleza uandishi wa namna hii mwaka 1984, mfumo wake wa WEB ulihitaji hatua ya kuvipanga upya vipande vya programu, kwa sababu lugha ya Pascal ilidai mpangilio wake. Haskell haijali ni kitendakazi kipi kimetangulia katika moduli, kwa hiyo anza na swali ambalo jopo litauliza, na mambo ya kusoma faili uyaweke mwishoni. Ila tamko la moduli na mistari ya import zibaki juu.

Wa Katuba (Lubumbashi)

Asanteni sana. Nimepigia vichwa mistari na faili limekubali. Nimebaki na >, kwa sababu ya kompyuta ya mwalimu. Sasa nahamishia mambo ya kusoma faili mwishoni, kama Mama alivyosema.