Sikinde, Msondo au Maquis: bendi ipi ilikuwa kubwa kuliko zote?

Mwana Sikinde:
Wakuu, nauliza bila kuzunguka. Katika bendi zote za dansi zilizowahi kupiga nchi hii, tangu Cuban Marimba na Dar es Salaam Jazz mpaka zile za miaka ya 80, ipi ilikuwa kubwa kuliko zote? Mimi nasema Mlimani Park, yaani Sikinde, ile ya kuanzia 1978 hadi 1985. Hoja yangu ni mpangilio. Weka "Neema" ya Cosmas Chidumule usikilize magitaa peke yake, sahau maneno kwanza. Solo halimkanyagi mwimbaji, gitaa la pili linajibu, ridhimu linashona katikati, besi linakwenda njia yake na bado mnafika pamoja. Halafu mnaingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezeka, tarumbeta zinapokea. Kila mtu anajua mahali pa kunyamaza. Bendi nyingine zilikuwa na mafundi, Sikinde ilikuwa na mafundi wanaosikilizana. Anayebisha aje na wimbo, asije na kelele.

Mzee wa Amana:
Naja na majina, wimbo utakufuata. Mwimbaji wenu Muhiddin Maalim Gurumo ametoka wapi? NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Na mwimbaji mwenzake Bitchuka? Huko huko. Hiyo Sikinde unayoipigia magoti ni Msondo iliyohamishwa usiku ikabadilishwa jina. NUTA Jazz imeanza 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na haijawahi kunyamaza. Nyie mlianzishwa na DDC, lile shirika la maendeleo la Dar, mwaka wa 79 au 80 mkakuta njia imeshafyekwa.

Mwana Sikinde:
Mzee wangu, shikamoo, lakini historia usiikate vipande. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya TTTS, lile shirika la usafiri na teksi. DDC wameichukua 1983 TTTS iliposhindwa. Na si wote waliotoka kwenu. Abel Balthazar na Joseph Mulenga walitoka Dar International. King Michael Enoch alikuwa ameshakuwa jina kubwa Dar Jazz kabla mtu hajaota Sikinde.

Mzee wa Amana:
Marahaba. Hujajibu kuhusu Gurumo.

Kijana wa Kinondoni:
Wazee, kwa heshima zote, ukubwa gani huu mnaoupigania? Huyo Gurumo mnayemgombea kaimba zaidi ya miaka hamsini, na mwaka 2013 gari kapewa na Diamond. Bendi kubwa kuliko zote haikuweza kumpa mwimbaji wake hata gari?

Mzee wa Amana:
Mdogo wangu, umemkosea adabu marehemu. Maalim amefariki Aprili 2014, aliyoyaacha yanapigwa kwenye harusi zenu mpaka leo. Unampima mtu kwa gari? Wewe ukiwa na gari utaimba nini?

Kijana wa Kinondoni:
Sijamdharau mtu. Nimeuliza pesa zilikwenda wapi. Ukumbi ulikuwa unajaa, mnasema wenyewe. Redio nchi nzima inapiga nyimbo zake kila siku. Sasa pesa zilikwenda wapi?

Mtu wa Moro:
Hawa wa Dar wakianza huwa wanasahau kwamba nchi ina mikoa. Morogoro Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 40. Mbaraka Mwinshehe alikuwa anapiga solo na kuimba kwa pamoja, na bendi yake ilitumwa Japani kwenye maonyesho ya Osaka 1970. Nani kati ya hao wa kwenu alitumwa? Alipofariki kwa ajali Nairobi watu walilia Afrika Mashariki nzima.

Jirani wa Mombasa:
Si Nairobi, ndugu yangu. Mbaraka alifia huku kwetu Mombasa, Januari 1979. Wazee wetu waikumbuka siku hiyo mpaka leo. Na maadamu mumenifungulia mlango, mbona hamwitaji Les Wanyika? "Sina Makosa" yajulikana kuanzia Lamu mpaka Lubumbashi. Sikinde nenda kaulize Kisumu, utaambiwa ni nini hicho.

Mzee wa Amana:
Les Wanyika ni watoto wa Simba Wanyika, na Simba Wanyika ni ndugu wawili wa Kinyonga, Wilson na George, kutoka Tanga. Wamepiga Jamhuri Jazz, wakapita Arusha, ndipo wakavuka. John Ngereza Mtanzania. Omar Shabani Mtanzania. Jirani, umekuja kututangazia watoto wetu.

Jirani wa Mombasa:
Watoto wenu, na kwani waliondoka kwa nini? Hilo ndilo mulijibu. Walikuja Nairobi kwa sababu santuri zilikuwa zachapwa Nairobi, na kampuni za kuzitoa zilikuwepo. Tom Malanga wa besi, kama wataka Mkenya, huyo hapo, na bila lile besi "Sina Makosa" hamuitambui. Bendi ni mahali ilipopikwa. Nyinyi mwahesabu vyeti vya kuzaliwa.

Mtu wa Moro:
Basi kwa hesabu hiyo Mbaraka naye ni Mkenya, maana "Shida" kairekodi Nairobi. Jamani.

Gitaa la Pili:
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nimepiga gitaa kwenye bendi ndogo, si kati ya hizi mnazotaja, na Jirani amegusa kitu ambacho nyote mmekiruka kukimbilia uraia. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70 bendi zetu zilikuwa zinatolewa kupitia Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa 1977, ukaja kufunguliwa 1983. Sikinde imezaliwa katikati ya kufungwa huko. Ndiyo maana Kisumu hawaijui. Nyimbo zake bora zilirekodiwa studio ya Redio Tanzania, na mkanda ukabaki Redio Tanzania. Bendi inaingia, inapiga wote kwa mpigo mmoja, wimbo unakwenda hewani, basi. Hakuna santuri dukani, hakuna hesabu ya mauzo ya kudai. Anayetaka kanda anarekodi nyumbani kutoka kwenye redio, au anakwenda kwa jamaa wa kioski anayedurufu. Kijana kauliza pesa zilikwenda wapi. Nyingi hazikuzaliwa kabisa.

Kijana wa Kinondoni:
Na zile za mlangoni je? Kiingilio? Bia?

Dada wa Magomeni:
Hapo sasa mniachie mimi. Baba yangu mdogo alikuwa mpuliza saksafoni kwenye bendi moja ya shirika la umma, siitaji jina. Alikuwa mwajiriwa kama karani wa ofisi, na mshahara wa karani. Kiingilio kilikwenda kwa shirika. Saksafoni ilikuwa ya shirika, sare ya shirika, gari la kuwarudisha usiku la shirika. Siku alipohama, aliikabidhi stoo, wakamwandikia risiti, akatoka na kile kipande cha mdomoni tu, kwa sababu alikinunua mwenyewe. Tukakaa nacho kabatini miaka mingi. Nyimbo alizopulizia bado nazisikia kwenye vipindi vya zilipendwa, na mtangazaji anataja jina la bendi. Jina la baba mdogo sijawahi kulisikia likitajwa, hata siku moja. Kwa hiyo mkiniambia bendi ipi ilikuwa kubwa, nauliza kubwa kwa nani?

Mwana Sikinde:
Dada, pole sana, na mpulizaji ni nusu ya bendi zile, nakubaliana na wewe. Lakini tusiyalaumu mashirika kwa kila kitu. Bila Juwata, DDC, Umoja wa Vijana, polisi na jeshi, nani angenunua magitaa na vipaza sauti miaka ile ya uhaba? Mwanamuziki binafsi angetoa wapi fedha za kigeni? Mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo, hata mwezi wa mvua ukumbi ukiwa mtupu. Muulize aliyepiga bendi ya mtu binafsi kama alilipwa mwezi wa mvua.

Dada wa Magomeni:
Umesema "pole" halafu ukamtetea mwajiri. Nimekuelewa.

Mwana Sikinde:
Sijamtetea mwajiri. Nimesema vyombo havikuanguka kutoka mbinguni.

Mzee wa Amana:
Huyo ndiye mtu wa Sikinde. Hoja ikimshinda anahamia kwenye vyombo. Narudia, Gurumo?

Mwana Sikinde:
Mzee, Gurumo nakujibu. Mwaka 1985 yeye na Abel Balthazar walikwenda Safari Sound, kwa tajiri mwenye hela yake, ukaanza mtindo wa Ndekule. Sikinde ikafa? Haikufa. Bendi iliyoondokewa na kiongozi wake wa uimbaji ikaendelea kujaza ukumbi. Huo ndio ukubwa ninaousema. Bendi inayobaki baada ya mtu mmoja kuondoka. Super Volcano bila Mbaraka ilikuwa nini? Vijana Jazz bila Hemed Maneti? Dar International bila Marijani?

Mtu wa Moro:
Mwanzo ulisema ukubwa ni mpangilio, sasa ukubwa ni kubaki. Kesho utatuambia ni sare. Na Marijani Rajabu humjui kama unamtaja hivyo kwa kupita. Jabali la Muziki. Aliimba "Zuwena" mtu akakumbuka kijiji chake. Amekufa 1995 na mali gani? Kijana yule wa Kinondoni ana hoja, hata kama ameisema kwa ukali.

Kijana wa Kinondoni:
Asante mzee wa Moro. Na niongeze: bongo fleva mnaowatukana kila siku ndio wa kwanza kumiliki nyimbo zao.

Mzee wa Amana:
Wakimiliki nini? Midundo ya kompyuta? Tia watu kumi na mbili jukwaani wapige saa sita bila kurudia wimbo, ndipo uje uongee na mimi. TX Moshi William aliitwa TX, jina walilokuwa wanabandikwa wataalamu kutoka nje, kwa sababu watu waliona utaalamu kwa macho yao. Haikuwa jina la kujipa.

Gitaa la Pili:
Mnamrukia kijana wakati bendi iliyolijibu swali lake ilikuwepo hapa hapa Dar. Orchestra Maquis. Walikuwa na kampuni yao, OMACO, wanamuziki wa siku nyingi wakiwa na hisa, na walifanya na shughuli nyingine nje ya muziki. Vyombo vyao, mlango wao. Kiongozi wao Chinyama Chiaza aliona jambo ambalo bendi za mashirika hazikuona. Kama ukubwa ni kuwatazama watu wako, Maquis wa kwanza, na magitaa yao sina haja ya kuyasemea.

Mzee wa Amana:
Maquis walikuwa wageni kutoka Kongo. Tunazungumzia bendi za nchi hii.

Mkaazi wa Ubungo:
Wageni? Nimezaliwa Ubungo, na baba yangu alikuja na muziki huo miaka ya 70. Maquis waliishi Dar, waliimba Kiswahili, walioa Dar, wamezikwa Dar. Kule Katanga walikotoka watu wanaongea Kiswahili asubuhi hadi usiku, hawakuja kujifunzia kwenu. Vijana wa mjini walipokuwa wanacheza mtindo wao wa kamanyola pale ukumbi wa White House, hakuna aliyemuuliza mpiga solo paspoti. Leo mzee unawaita wageni. Na Ndala Kasheba na lile gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, naye mgeni? Watoto wake waambiwe nini?

Mzee wa Amana:
Usiniwekee maneno mdomoni. Sikusema wafukuzwe. Nimesema NUTA ilianzishwa na wafanyakazi wa nchi hii.

Mkaazi wa Ubungo:
Umesema wageni. Limeandikwa hapo juu, wote wameliona.

Jirani wa Mombasa:
Mzee, Wanyika wakivuka mpaka ni watoto wenu. Maquis wakivuka mpaka ni wageni. Chagua moja.

Mwana Sikinde:
Hapo Jirani kapiga penyewe. Lakini turudi kwenye bendi, jamani. Nimeuliza bendi.

Dada wa Magomeni:
Mimi nimekwama kwenye mikanda. Redio Tanzania siku hizi ni TBC, mikanda ipo kwao. Miaka ya 90 nyimbo hizo hizo zikatolewa kwenye sidii Ujerumani na Marekani, watu wa huko wakazinunua. Sheria ya hakimiliki ya 1999 imeleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Basi mpiga tarumbeta wa 1980, au mjane wake, anaingia vipi kwenye hesabu hiyo? Mtunzi anajulikana, mwimbaji anajulikana. Yule wa nyuma, aliyepuliza kile kipande ambacho nyote mnakiimba kwa midomo mkiwa mmelewa, nani alimwandika?

Gitaa la Pili:
Mara nyingi hakuandikwa, dada. Wimbo ulisajiliwa kwa jina la mtunzi na bendi. Ila walio hai bado wapo wachache, na wanakumbuka nani alikuwa amesimama wapi siku ya kurekodi. Nakushauri uanze na hao, uandike wimbo kwa wimbo: solo nani, pili nani, besi nani, tumba nani, midomo ya bati nani. Karatasi yenye saini za wawili watatu waliokuwepo ina uzito kuliko kumbukumbu ya ukoo. Mimi nitakupa ninaowafahamu, nitumie ujumbe pembeni.

Kijana wa Kinondoni:
Mimi naweza kusaidia kuchapa na kupanga orodha. Sina ugomvi na wazee. Ila lile gari la 2013 mtanisamehe, lilipaswa kutoka kwa waliokusanya viingilio miaka yote ile.

Mzee wa Amana:
Gari lile lilipokelewa kwa shukrani, na aliyelitoa kafanya jambo la kiungwana. Usiligeuze fimbo ya kumchapia Maalim. Dada wa Magomeni, kwenye orodha yako anza na NUTA ya 1964, nina majina manne ya wapulizaji, na mmoja wao yupo hai, anakaa Ilala.