Re: Nimekwama na modeli ya maji, mwenye njia anambie

Assalaam aleykum wapwani wenzangu. Niko mwaka wa pili wa PhD huku Uskoti, natengeneza modeli ya kompyuta ya maji kujaa na kupwa Mombasa, kutoka bandari ya Kilindini mpaka kriki ya Tudor (mkono wa bahari ulioingia ndani), na tangu baridi ianze sijasogea. Programu yaenda bila kulalamika lakini majibu hayafanani na vipimo vya bandarini, nshabadilisha kina, nshabadilisha upepo, mikoko, kila kitu, na supavaiza tukikutana ananambia endelea kujaribu tu, nami naona haya kumwambia sijui najaribu nini. Nyinyi mliomaliza mlitokaje?
— wa Likoni

Wa aleykum salaam mdogo wangu. Kwanza acha kugusa vitu vingi kwa mpigo, hata ikikubali hutajua ni kipi kilichoiponya. Toa upepo, toa mikoko, bakisha bahari na mwezi. Ile M2 yenu, yaani sehemu ya kujaa na kupwa iletwayo na mvuto wa mwezi, hurudi kila saa 12 na dakika 25, endesha hio peke yake uone kama maji yajaa mara mbili na kila siku yachelewa kama dakika 50. Ikishindwa hapo basi mikoko haina kosa wallahi. Ikikubali ongeza S2, ile iletwayo na jua, ya saa 12 kamili, sasa lazima upate bamvua (maji yajaapo na kupwa sana) na maji mafu (yasogeapo kidogo tu), bamvua hadi bamvua siku 14 na robo tatu hivi. Wewe umekulia Likoni, wajua bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hivyo jibu unalo kabla kompyuta haijasema kitu. George Pólya, mwanahesabu wa Hungaria aliyefundisha Stanford, ndivyo alivyowahimiza wanafunzi: swali likikushinda tafuta jepesi linalofanana nalo.

Halafu andika ukurasa mmoja, nilitarajia nini, nimepata nini, nini nshakiondoa, umpelekee supavaiza siku moja kabla ya kikao. Wengi wao si wabaya, ila ukimwambia "imekataa" atakujibu nini zaidi ya endelea? Na hio haya ya kuuliza weka kando, hata wakubwa huomba msaada. Mwanahesabu Andrew Wiles alitangaza mwaka 1993 kwamba amethibitisha nadharia ya Fermat, swali la hesabu lililowashinda watu karne nyingi, likaonekana pengo kwenye uthibitisho wake, akamwita Richard Taylor aliyekuwa mwanafunzi wake, wakaliziba 1994.
— dada wa Mji wa Kale

Mwatuambia hayafanani lakini hayafanani vipi? Kimo au wakati? Maana vipimo vingi vya usawa wa bahari huandikwa kwa GMT na Mombasa iko mbele saa 3, hio ni karibu robo ya mzunguko mzima, kwako maji yamejaa kwao yako nusu. Angalia hilo kabla hujagusa kina tena.
— wa Kisauni, yuko Toronto

Ahsanteni sana. Nimechora M2 peke yake juu ya vipimo na vilele vimepishana saa 3, Kilindini na Tudor zote, kwa hivyo ni saa tu hio nshaisawazisha. Kimo cha Kilindini sasa kimekaa sawa na vipimo, Tudor bado kifupi, na ramani yangu ya kina cha ndani ya kriki ni ya zamani. Nani ana mtu KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani nimuulizie vipimo vipya?
— wa Likoni