Mrejesho: kompyuta yangu ya kwanza ya kuunga mwenyewe imewaka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama bajeti yangu ndogo niimalizie kwenye kadi ya grafiki ya mtumba au nianze bila kadi. Wengi mlisema nianze bila, nikawasikiliza: prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake, mazabodi (bodi kuu) ya B550, SSD (hifadhi ya mafaili) ya GB 500.

Kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nilitaka kijiti kimoja cha GB 16. Aliyenikataza, asante sana. Grafiki za ndani hukopa RAM hiyo hiyo, kwa hiyo vijiti viwili vya GB 8 vikifanya kazi sambamba tofauti unaiona. Nilichomoa kimoja kwa ubishi tu, gemu likaanza kukwamakwama.

Pawa saplai sikubana: wati 550, mpya, ili kadi ikija iikute.

Sasa aibu yangu. Siku ya kwanza feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nikailaani mazabodi usiku kucha. Kumbe kijiti kimoja cha RAM hakikuingia mpaka mwisho. Kukibonyeza, “tak”, ikawaka. Kadi nitaitafuta mwakani.