Seva ya zamani ya Kisumu kuingia netiwaki ya Nakuru: niiunge, nihamishe data tu, ama niifanye VM (kompyuta ya programu inayokaa ndani ya nyingine)?

FundiNakuru
Wadau habari zenu, naomba maoni kabla sijaharibu kazi ya watu. Kampuni yetu ya vifaa vya ujenzi imefunga ofisi ya Kisumu na seva ya kule imeletwa hapa Nakuru juzi na pikapu, imefunikwa blanketi. Ni Windows Server 2008 R2, kule ilikuwa ndiyo domeini kontrola (inayoshika akaunti na paswadi za wote), DHCP (inayogawa anwani za netiwaki), DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani), kila kitu, na ndani iko programu ya hesabu ya kitambo yenye ankara za tangu 2011, pamoja na folda za ofisi kama giga 400. Hapa tuko na Server 2019 yenye domeini yake na kompyuta 23.

Jana nilikosea. Nilichomeka waya kwa swichi nikitaka tu kuingia nione iko na nini, dakika kumi hazijaisha dada wa kaunta ananiita hawezi kutoa risiti na wateja wamepanga laini. Kumbe alikuwa amezima kompyuta akawasha, ikachukua anwani kwa DHCP ya ile ya Kisumu, na geitwei (njia ya kutokea nje) iliyopewa ni ya rauta iliyobaki kwa stoo huko Kisumu! Netiwaki zote mbili ni 192.168.1 kwa hivyo kwa macho anwani inakaa sawa kabisa. Nikachomoa mbio.

Boss anataka niiunge vile ilivyo kwa sababu haina gharama. Nyinyi mngefanya nini?

JaKisumo
Pole mkuu. Kwanza ichomeke kwa laptopu yako peke yake, uzime hiyo DHCP na uibadilishie anwani, ndio ije karibu na swichi ya ofisi. Halafu weka trast (makubaliano ya kuaminiana) kati ya domeini mbili, DNS ya kila upande ijue mwenzake, saa zilingane maana zikipishana zaidi ya dakika 5 Kerberos, ile inayohakiki watu wakiingia, inakataa, kisha uhamishe mayuza polepole na ADMT, zana ya Microsoft ya kuhamisha akaunti. Nilifanyia sako moja hivyo, wikendi mbili, na hakuna mtu alipoteza folda. Na uwashe SMB1 (toleo la zamani la lugha ya kushiriki mafaili) kwa 2019 la sivyo hazitaonana.

Mulembe_Netiwaki
JaKisumo ndugu yangu hapo kwa SMB1 nakukatalia kabisa. 2008 R2 inaongea SMB 2.1, wanaohitaji SMB1 ni Server 2003 na XP. WannaCry, ile virusi ya Mei 2017 ya kufunga mafaili ya watu, ilipitia kwa hiyo SMB1, tafadhali mtu asiiwashe kwa seva ya kazi.

Na hata trast mimi siungi mkono. Hiyo Windows iliacha kupata viraka vya bure tarehe 14 Januari 2020, sasa unaiweka meza moja na mashine zinazoshika pesa za kampuni kwa nini? Hamisha mafaili na robocopy (amri ya Windows ya kunakili), tengeneza ruhusa upya kwa 2019 (zile za zamani zimefungwa kwa SID (namba za utambulisho) za domeini ya Kisumu, ukizibeba utaona manamba matupu badala ya majina), halafu uizime.

Akinyi_IT
Folda sawa, zihamishwe, lakini ile programu ya hesabu je? Ukibeba databesi bila programu huwezi kusoma hata ankara moja, na KRA, watu wa ushuru, anaweza kudai rekodi za miaka 5. Ukiishusha isiwe domeini kontrola ndio usakinishe upya, akaunti za hiyo domeini zinaenda nayo na programu inaweza kukataa kuwaka.

Ningeigeuza VM. Disk2vhd ya Sysinternals ni ya bure, inapiga picha ya diski nzima kwenda kwa diski ya nje, kisha unaifungua kwa Hyper-V, programu ya Windows ya kuendesha VM, hata kompyuta ya Windows 11 Pro yenye RAM ya kutosha inatosha. Kwa aina ya VM chagua Generation 1, kwa 2 haitawaka. Swichi yake iwe Private, haigusi netiwaki yenu kabisa, kwa hivyo inabaki na anwani yake ya zamani na haisumbui mtu. Ikishawaka hiyo, ile ya chuma usiiwashe tena.

Leseni nayo usiipuuze, kama ni OEM (iliyokuja na mashine) imefungwa kwa ile mashine. Uliza aliyewauzia 2019 kama yenu inaruhusu kutumia toleo la nyuma.

FundiNakuru
JaKisumo nimejaribu kuanza na yako nikagonga ukuta. Fundi aliyeweka seva zote mbili miaka hiyo aliita domeini zote jina moja, hata lile fupi la NetBIOS.

JaKisumo
Basi hapo trast haiwezekani, na ADMT bila trast haiendi. Fuata ya Akinyi. Na asante Mulembe kwa SMB1, nilikuwa na picha ya 2003 kwa kichwa.

Akinyi_IT
Kitu kingine kaka, hizo diski zimepigwa na barabara yote hiyo. Toa folda za hesabu kwanza, picha ya diski nzima baadaye. Kusoma diski nzima kunaweza kumaliza ile iliyochoka.

FundiNakuru
Nimerudi. Dada Akinyi hiyo ya kuanza na folda za hesabu imeniokoa. Jumamosi nilipoiwasha diski ya tatu ilikuwa na taa ya njano, RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, zinavumilia moja kufa) inakimbia na moja pungufu. Robocopy ilianza saa nane mchana nikiwa nimeifunga kwa UPS peke yake, ikamaliza usiku. Picha ya diski nzima nikaifanya Jumapili na ikakubali. VM ilikataa mara ya kwanza kwa sababu nilichagua Generation 2 bila kufikiria, nikarudia.

Leo asubuhi mhasibu amekaa kwa kompyuta yenye VM akafungua ankara ya mabati ya 2014, akaitoa PDF. Kaunta hawajajua kama kuna kitu kilifanyika. Mambo ya leseni aliyetuuzia ameahidi jibu Alhamisi, nitaandika hapa.

Mulembe_Netiwaki
Hizo diski za zamani zifungie kabatini, usizifute bado. Mwache mhasibu afunge kwanza hesabu za mwaka.