Nimeomba ilani, nimepewa KOFIA!

Mshika_Daftari: Wakuu, ndiyo nimerudi sasa hivi, jasho halijakauka. Hawa jamaa wananionaje lakini? Ofisi yenyewe ya chama mnaijua, ile yenye bendera iliyochanika na spika inayobweka tangu alfajiri.

Jumatano ya tarehe 28 Oktoba 2020 tunapiga kura, wagombea urais wako 15. Nikasema safari hii sichagui kwa mazoea. Nikanunua kauntabuku, nikachora jedwali: maji, bima ya afya, mikopo ya chuo. Nikaenda na adabu zangu zote, shikamoo mpaka kwa mlinzi. "Naomba ilani yenu, hata ya kusomea hapa hapa." Yule baba akanitazama kama nimemwomba figo. "Umetumwa na nani?" Kisha akainama chini ya meza, nikajua ilani hiyo inakuja, akaibuka na KOFIA. "Shika, sera zetu zote zimo humo."

Kofia, wakuu! Nimeigeuza nje ndani. Imeandikwa "fua kwa maji baridi". Hiyo ndiyo sera ya maji.

Na kichwani haiingii. Baba wa watoto wanne nimepita stendi na kofia mkononi, konda ananiita mheshimiwa. Kofia!

Jini_la_Kivukoni: Bila picha ya kofia hii ni chai.

MamaWawili: Kichwa kinachogomewa na kofia ya bure kina matatizo yake, usikisingizie chama.

Mshika_Daftari: Dada usinitibue. Nimeomba ILANI.

Kobe_Mzee: Afadhali yako. Mimi ya kwao wengine nilitumiwa WhatsApp, ukurasa mmoja mmoja umepigwa picha, na dole gumba la mtu limekalia sura ya kilimo mwanzo hadi mwisho. Mpaka leo sijui korosho wanazifanyaje.

Bando_Limekata: Ile ilani ya CCM ya kurasa 303 nimeipakua. Bando la wiki limekata roho nikiwa kwenye utangulizi.

Mtu_wa_Wete: Nyinyi huko bara mna karatasi 3 tu za kura, rais, mbunge, diwani. Sie huku Zanzibar 5: marais wawili, wa Muungano na wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi, diwani. Akija na jedwali lake itabidi achore ukutani.

Jini_la_Kivukoni: Ndiyo maana namkubali mzee Rungwe, mgombea urais wa CHAUMMA. Sera yake ubwabwa. Umeelewa, umekwenda zako.

MamaWawili: Ubwabwa mkavu?

Jini_la_Kivukoni: Na kuku bhana.

Bando_Limekata: Wa kienyeji au wa kisasa? Hapo sasa ndiyo tunalinganisha sera.

Mshika_Daftari: Wakuu, turudi kwenye kofia...

Kobe_Mzee: Wa kisasa msinitajie. Nilifuga 200, kideri kikanibakishia jogoo mmoja na banda. Bwana mifugo nimempigia tangu Jumatatu, akaja Ijumaa, akaniuliza kama maiti wanauzwa.

MamaWawili: Huyo bwana mifugo namjua! Mwenye pikipiki nyekundu?

Kobe_Mzee: Huyo huyo. Na hela ya mafuta alidai.

Mtu_wa_Wete: Ulichanja siku ya ngapi?

Mshika_Daftari: Jamani ILANI.

Kobe_Mzee: Siku ya 7, kwa maji ya kunywa.

Bando_Limekata: Ya bomba? Dawa yake inaiua chanjo hiyo. Tumia ya mvua.

MamaWawili: Mshika_Daftari, kofia kama haikuenei nina kijana wa bodaboda, unaiachia shilingi ngapi?