Kwenda Milos, Ugiriki, pamoja na mama: je, magofu na vijiji vya wavuvi vinafikika?

Binti Tanga:
Habari zenu, ndugu. Mama yangu mzazi amekuja kunitembelea hapa Ujerumani, na mwezi wa Julai tunakusudia kwenda Milos badala ya Santorini, ambako tunaambiwa kuna msongamano mkubwa. Mama amezaliwa katika nyumba ya uvuvi, hivyo anachotaka kuona ni mashua na wavuvi, ilhali mimi hupenda mambo ya kale. Je, kisiwa kina magofu ya maana, au ni fukwe tu? Magoti yake humsumbua.

Mpenda Kale:
Shikamoo zetu zimfikie mama. Magofu yapo, ila msitarajie nguzo ndefu kama za Athens. Chini ya kijiji cha Tripiti kuna ukumbi wa maigizo wa zama za Warumi, wenye viti vya marumaru vinavyotazama ghuba, na karibu yake ndipo mkulima mmoja alipoifukua mwaka 1820 ile sanamu maarufu ya Afrodite iliyopo sasa katika makumbusho ya Louvre, Paris. Jirani na hapo yapo makaburi ya Wakristo wa karne za mwanzo, ambayo ni njia za chini ya ardhi zilizochongwa katika mwamba laini uliotokana na majivu ya volkano, kila ukuta ukiwa na safu ya matao na kila tao likiwa kaburi.

Mimi, hata hivyo, ningeipa Filakopi muda zaidi, ingawa kwa macho ni kuta fupi tu kando ya bahari. Huo ulikuwa mji wa Enzi ya Shaba, na kisiwa chake kilijulikana kwa obsidiani, kioo cheusi cha volkano kilichotumiwa kutengenezea visu. Vipande vya kioo hicho vimepatikana katika pango la Franchthi, huko Ugiriki bara, kwenye tabaka zenye umri wa zaidi ya miaka 10,000, maana yake watu walikuwa wakivuka bahari ile kwa vyombo kabla hawajaanza kulima. Mkipita Athens, mwonyesheni mama mchoro wa ukutani wa samaki warukao uliotoka Filakopi. Umo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia.

Mwana wa Pwani:
Kuhusu vijiji, Klima ndicho kinachopigwa picha zaidi: nyumba zimepangwa ukingoni mwa maji, chini ni banda la mashua lenye mlango mpana uliopakwa rangi nyekundu, buluu au kijani, na juu ni chumba cha kuishi. Mabanda hayo huitwa *syrmata*, na baadhi yake yamechimbwa ndani ya mwamba wenyewe. Nyumba nyingi za Klima sasa hupangishwa wageni, kwa hiyo kama mama anataka kuona nyavu zikitengenezwa na si milango mizuri tu, mpelekeni Pollonia, ambako pia ni tambarare. Mandrakia ni kidogo na kinapendeza, ila kinaelekea kaskazini.

Hilo la kaskazini si dogo. Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini, na kama kusi kwetu, wenye vyombo huusikiliza kabla ya kupanga lolote. Ukichachamaa, mawimbi hupiga Mandrakia na miamba myeupe ya Sarakiniko, na safari za mashua kwenda mapango ya Kleftiko huahirishwa. Siku hiyo nendeni kusini, ufukwe wa Paliochori, ambako joto la volkano bado hutoka ardhini na kuna mgahawa unaopika chakula kwa kukifukia mchangani.

Binti Tanga:
Ahsanteni sana. Makaburi hayo yana ngazi?

Mpenda Kale:
Yana ngazi nyingi za kuteremka, na kupanda wakati wa kurudi ndiko kunakochosha. Ningekushauri ushuke peke yako, mama abaki kivulini Tripiti, kisha mwende pamoja kwa gari hadi Klima.

Mwana wa Pwani:
Niongeze jambo moja: feri za kutoka Piraeus, bandari ya Athens, nazo huweza kuzuiwa na upepo huo, kwa hiyo msikate tiketi ya ndege ya kurudi Ujerumani kwa siku ileile mtakayoondoka kisiwani. Laleni Athens usiku mmoja. Hakikisheni pia kwamba viza ya Schengen ya mama bado ina siku za kutosha.